Filimbi ya Safari

Bura hakuwa na sanduku, hakuwa na saa ya mkono, hakuwa na viatu vya kuwatosha watoto wote wanne, wala hakuwahi kuiona bembea ya kuzunguka. Alikuwa na filimbi ya kuazima kwa mgambo wa kijiji, na hofu ya kuchekwa na shemeji yake wa Dar es Salaam, aliyewaalika kwenye maonyesho ya Sabasaba na kuomba ratiba yao.

Jioni akaipanga familia mstari uani, wajifunze kutembelea maonyesho wasije wakaonekana wa kuja. Kihenge kikawa banda la kilimo, zizi banda la mifugo, kisiki cha kuni bembea; filimbi ikilia, wahamie kwingine.

Akapuliza. Wote wakasonga isipokuwa Fabiola, kitinda mimba, aliyebaki zizini ndama akimnyonya vidole.

"Hapo tumemaliza, Fabiola."

"Mimi bado, baba. Ulimi wake unakwaruza."

Wenzake wakarudi mbio kuingiza mikono yao. Mama yao naye akatoka mstarini.

"Baba watoto, na huko Dar utatupulizia hivyo hivyo? Basi mimi niache na ng'ombe wangu."

Filimbi ilikuwa imeshagusa mdomo wa Bura. Akaishusha, akanyoosha vidole vyake. Ulimi wa ndama ulikuwa wa moto, na kweli ulikwaruza.

Kwa mwandiko wa darasa la watu wazima akaandika: "Shemeji, ratiba hatuna. Watoto watakaposimama, tutasimama. Bembea ikitupita, itupite."

Akaibandika bahasha kwa tonge la ugali. Asubuhi akamrudishia mgambo filimbi yake, kisha akampa kondakta wa basi barua.