Mbegu za Dume

Baada ya kugandishwa, bonge la makaa ya mawe lilikuwa limepata ufa mmoja tu. Mshale wa kipimo cha gesi ulitikisika, kisha ukagoma. Colombe, aliyekuwa akijaribu kuitoa gesi iliyomo, alijua kwamba bonge likigandishwa mara ya pili, litaachia gesi yote. Lakini nitrojeni ya kimiminika, ya kugandishia, iliyobaki Bukavu nzima ilikuwa kwenye mtungi wa baba yake, daktari wa mifugo, ikihifadhi mbegu za ng'ombe dume za kupandikiza.

"Mutoto yangu, ngombe yote ya kijiji ya Nyantende wezi walishaiba. Mbegu iyi tu njo inabakia."

"Papa, gesi iko mule ndani ya makaa. Inabakia kidogo tu itoke."

Chuma cha mtungi kilimuuma Colombe vidole kwa baridi. Akamimina nitrojeni yote juu ya bonge.

Bonge likapasuka kwa mlio. Mshale ukaruka.

Baba yake hakuutazama. Alikuwa akitazama barafu ikiyeyuka juu ya mirija ya mbegu, tone kwa tone.