Nguchiro na Gamba la Kobe

Kobe mzee alipokufa, wanyama waliliweka gamba lake juu ya jiwe na kulistahi, kwani maisha yake yote hakumdhuru kiumbe. Nguchiro, aliyempenda kuliko wote, akajitolea kulilinda. Kila kulipokucha alilipangusa vumbi, na sisimizi waliolipanda akawaponda kwa ukucha.

Siku moja bibi sisimizi akamwita toka chini, "Bwana Nguchiro, nasi tumekuja kumuaga. Marehemu akitukuta njiani alisimama mpaka tupite sote."

Nguchiro akayatazama makucha yake. Gamba liling'aa, kumbe aliyechafuka ni yeye. Machozi yakamtoka.

"Niwieni radhi, bibi. Piteni."

Wakapita mamia, wengine juu ya miguu yake, naye hakuthubutu hata kupiga chafya.