Ufunguo wa Kabati la Unga

Fundi alikuja, ndiyo! Mbona unanikatisha? Ngoja kwanza ujue habari ya ufunguo.

Wayahudi wakati wa Pasaka yao hawakai na unga wa ngano nyumbani. Basi bibi mmoja Myahudi, Bulisa, kila mwaka anamuuzia unga wake jirani Mwarabu, fundi viatu, anafunga kabati na kumpa ufunguo. Siku saba zikipita, fundi anamuuzia tena. Ndivyo walivyozoeana pale Yerusalemu.

Mwaka ule Waingereza wanaondoka, wakubwa wa mbali wameshaigawa nchi, huku Wayahudi, huku Waarabu, na mtaa umekatwa kwa seng'enge. Fundi yuko ng'ambo ya seng'enge. Pasaka imekwisha, wajukuu wana njaa, mjini unga hakuna.

"Bibi, vunja kufuli!"

"Nivunje mali ya mtu?"

Mara mlango ukagongwa. Fundi huyo, suruali imechanika, goti linavuja damu, ufunguo kauning'iniza shingoni kwa uzi wa viatu.

"Umechelewa, mzee!"

"Waulize walinzi wenu! Wamenipekua mpaka soksi."

Bulisa akaukata ule uzi kwa mkasi. Ufunguo ulikuwa umemwachia fundi alama nyekundu kifuani. Bulisa akafungua kabati, akatoa unga.

Akakanda, akachoma mikate. Fundi akaaga.

"Unakwenda wapi? Hujaniuzia bado. Mkate huu ni wako, sisi wageni wako. Tukaribishe."

Fundi akacheka, akavuta kigoda. "Haya, karibuni kwangu," akasema, na wote wakaketi wakala.