Kapasita ya Feni

Feni ya Mzee Kibwana ilikuwa haizunguki mpaka isukumwe kwa mpini wa ufagio, na Msukumaji Mkuu wa nyumba hiyo alikuwa mkewe, Bi Mwanahawa. Kila umeme uliporudi, mzee aliita kutoka kitandani, "Mama Zuhura, feni!" Hayo ndiyo mazungumzo yote yaliyosalia katika ndoa yao.

Hatimaye Bi Mwanahawa alichoka, akamwita fundi. Fundi akabadilisha kapasita, kikopo kidogo chenye nyaya mbili.

"Hiki hutunza umeme kidogo, halafu huisukuma feni ianze," alieleza. "Pumzika sasa, mama. Kazi yako nimempa huyu."

"Kumbe miaka yote sikuwa mke, nilikuwa kapasita," alisema Bi Mwanahawa. Fundi alicheka mpaka akashika ngazi.

Fundi alipoondoka, umeme ulikatika, ukarudi. Feni ikaanza yenyewe. Bi Mwanahawa alisimama jikoni akisikiliza. Hakuna aliyemwita.

Akafuta mikono, akaenda mpaka mlango wa chumba. Mzee alikuwa macho, akiitazama feni.

"Inazunguka?" aliuliza Bi Mwanahawa, ingawa aliiona.

Mzee alijikokota taratibu kuelekea ukutani, na kando yake kitandani ikabaki nafasi ya mtu mmoja.