Ng'ombe Mbele ya Hoteli

Asubuhi ile ya Januari, mwaka wa 2008, mume wa Mugure aliondoka hotelini Nakuru kurudi Molo kukamua ng'ombe. Nyumba zilipoanza kuchomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, walikuwa wamekimbia na watoto tu.

"Sisi tunalalia shuka nyeupe, na kule kiwele kinapasuka," alisema akivaa koti. "Nikamue tu, nirudi."

"Baba Kui, ng'ombe si mtu."

"Mwambie hivyo mwenyewe ukimwona," akacheka, akashuka ngazi.

Kesho yake mchana, lori lililojaa magodoro lilisimama mbele ya hoteli. Katikati ya magodoro alisimama ng'ombe wao, na kando yake mama jirani wa kule Molo, blanketi mabegani.

"Mama Kui, tumempata akizurura barabarani, tukampakia. Baba Kui si yuko na nyinyi?"

Mugure alipanda lori, akachuchumaa, akashika kiwele. Kilikuwa kigumu, na moto wake ulimfikia mpaka kwenye kiganja. Ng'ombe alirusha teke. Alivuta chuchu polepole, yakatoka mabonge ya manjano, maziwa ya siku nyingi. Hakuna aliyekuwa amemkamua tangu wakimbie.

"Labda amekwama mahali," jirani alisema kwa sauti ndogo.

"Angekuwa amefika, huyu angekuwa amekamuliwa."

Kutoka dirisha la juu mtoto aliita, "Mami, baba ameshuka?"

Mugure aliinamisha kichwa, akaendelea kukamua. Maziwa mabovu yalitiririka mpaka kwenye lami.

Sasa yeye na watoto wanalala kitanda kimoja. Kile kingine cha chumbani, alichokuwa akilala na mumewe, amempa jirani.