Kokoto Ndani ya Debe

Daftari la malalamiko lilikuwa tupu, na hapo ndipo taabu ya Gervas ilipoanzia.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu serikali iuze kiwanda cha korosho pale Newala. Mwenye kiwanda mpya alitaka cheti cha ISO, kile cha ubora wa kimataifa. Bila hicho wanunuzi wa Ulaya wasingechukua hata debe moja, na akina mama mia mbili wangerudi majumbani. Lakini mkaguzi alishaonya: kiwanda kisichopata lalamiko hata moja mwaka mzima kinaficha kitu.

Basi Gervas, msimamizi wa ubora, akatunga moja. Kokoto limekutwa ndani ya debe. Sasa ikabidi apatikane aliyelipitisha.

Alimchagua Paskalia wa meza ya kuchambulia, kwa sababu yule hangembishia. Miaka sita hawakuwahi kutazamana. Gervas akipita, mama yule hujifunika kanga na kugeukia ukutani. Gervas akiwa na la kumwagiza, hulipitisha kwa Stamili, jirani wa mama huyo mezani. Jina ambalo hajapata kulitamka akaliandika kwa herufi kubwa, na chini yake akaongeza: "Nilimketisha, nikamwelekeza ana kwa ana, nusu saa." Aliona aibu, akafunga daftari haraka.

Ijumaa mkaguzi akafika kutoka Dar es Salaam, Bi Mabel, mwanamke mpole mwenye miwani. Alisoma, akaomba kumwona Paskalia.

"Shikamoo, mama. Ni kweli ulipitisha kokoto?"

"Marahaba." Paskalia alitazama sakafu. "Kama imeandikwa, ni kweli."

"Na huyu bwana alikuelekeza? Mlikaa wote hapa?"

Wachambuaji wote wakaacha kuchambua. Stamili akaziba mdomo kwa kanga.

"Tulikaa," Paskalia akasema kwa sauti ndogo. "Alinielekeza vizuri."

Bi Mabel akatia tiki, akampa Gervas mkono wa pongezi. Cheti kilikuwa kimepatikana. Gervas alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu azaliwe hakuwahi kuona aibu ya namna ile.

Jioni mkewe alimtengea ugali, akabaki amesimama.

"Mama kapita hapa akitoka kazini," alisema. "Hakuingia. Kanituma nikuombe radhi. Eti kamwambia mgeni kwamba alikaa ana kwa ana na mkwewe."