Namba Chini ya Mtutu

Mtaani walimwita Namkunda binti wa mwizi, kwa sababu marehemu baba yake, mpagazi, alirudi kutoka porini na bunduki ya kuwindia ya tajiri wake. Leo Namkunda aliipeleka kituo cha polisi kuisalimisha, aondokane na aibu. Sajini alifuta kutu, akasoma namba chini ya mtutu, akafungua daftari kuukuu la wamiliki.

"Mama, Kihiyo ni nani?"

"Baba yangu. Soma tu, mwanangu, nimeshazoea."

"Tajiri ameandika: 'Nampa kwa hiari yangu. Alinibeba mgongoni siku mbili.'"

Namkunda alishika meza. "Hebu rudia."

Sajini akarudia, kisha akaisogeza kando fomu ya kusalimisha silaha.

"Asante, Mungu wangu," alisema Namkunda.

Akavua khanga begani, akaanza kuipangusa bunduki taratibu, kama anayemfuta baba yake jasho la mgongoni.